Kusambaza programu ya kampuni kwa njia ya vifurushi

Kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi Mombasa, Malaba na Kampala inaweza kutengenezewa programu yake ya kuandaa ankara na orodha za mizigo. Tatizo huanza programu hiyo inapofanyiwa marekebisho. Ikisambazwa kwa flashi, ofisi moja hubaki na toleo la zamani, hesabu za ofisi mbili hazilingani, na lori husubiri mpakani hadi karatasi zirekebishwe.

Kwa kompyuta za Linux, dawa yake ni mfumo wa vifurushi uliomo ndani ya kompyuta zenyewe. Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hutumia vifurushi vya aina ya deb. Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, hutumia vifurushi vya aina hiyo hiyo. Red Hat na Fedora hutumia vya rpm.

Kwa upande wa deb, hatua ni tatu.

Kwanza, kufunga kifurushi. Pamoja na programu huwekwa faili liitwalo control, linalotaja jina, namba ya toleo, msimamizi na programu nyingine zinazohitajika. Amri ya dpkg-deb hufunga vyote pamoja. Namba ya toleo isipopandishwa, kompyuta za ofisini hazitajua kuwa kuna marekebisho.

Pili, kuweka ghala. Hii ni seva ya kawaida ya wavuti yenye vifurushi na orodha yake. Programu ya reprepro huandaa orodha hiyo.

Tatu, kutia sahihi. Orodha hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa kampuni, na kila kompyuta hupewa ufunguo wa umma wa kuihakiki. Sahihi hiyo ni kama lakiri ya kontena: ikiwa na kasoro, mzigo haupokelewi. Aidha, kifurushi huingizwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Anayeiba ufunguo wa siri anaweza kuzishika ofisi zote kwa mara moja, hivyo ufunguo huo usikae kwenye seva ya ghala wala kompyuta ya kaunta.

Baada ya hapo, anwani ya ghala huandikwa mara moja tu katika kila kompyuta. Amri ya apt update husoma orodha mpya, na apt upgrade huleta toleo jipya. Mtandao ukikatika kabla ya kifurushi kushushwa, toleo lililopo huendelea kufanya kazi.

Hata hivyo, kosa nalo husambaa kwa kasi ile ile. Kila toleo lijaribiwe kwanza kwenye kompyuta moja kabla ya kuwekwa ghalani.