Ndimu na Nazi: Historia ya Samaki Mbichi wa Tahiti

Historia ya mataifa huandikwa mara nyingi kwa majina ya wafalme, vita na mikataba. Iko historia nyingine ambayo huandikwa katika sahani, nayo wasomaji wake ni wachache, kwa kuwa watu hula kwanza na kufikiri baadaye. Katika insha hii nakusudia kuisoma sahani moja ya Bahari ya Pasifiki: samaki mbichi aliyetiwa ndimu na tui la nazi. Watahiti humwita 'ia ota, Watonga 'ota ika, watu wa Visiwa vya Cook ika mata, Wasamoa oka i'a, na Wafiji kokoda. Chakula hiki husifiwa kuwa ni urithi wa kale. Swali langu ni hili: je, chakula chaweza kuwa cha asili, hali nusu ya viungo vyake vimekuja kwa jahazi za wageni?

Yafaa kwanza tujue jinsi kinavyoandaliwa. Huko Tahiti samaki apendwaye zaidi ni jodari. Minofu hukatwa vipande vidogo vya mraba, huoshwa kwa maji ya chumvi, kisha ndimu hukamuliwa juu yake. Baada ya dakika chache nyama hubadilika rangi na kuwa nyeupe upande wa nje, huku ndani ikibaki mbichi. Maji ya ndimu yaliyozidi humwagwa, hutiwa vitunguu, matango, nyanya na karoti, na mwisho kabisa humiminwa kasimile, yaani tui zito la kwanza. Nazi yenyewe hukunwa kwa kigoda chenye meno ya chuma mbele, ambacho mpishi hukikalia kama vile mama zetu wa pwani wakaliavyo mbuzi.

Ukali wa ndimu huzikunjua protini za nyama na kuzigandisha, kama ufanyavyo moto. Ndiyo sababu mlaji hudhani samaki ameiva. Lakini ndimu si moto. Haiui minyoo yote wala vijidudu vyote, na tegemeo la mpishi ni samaki aliyevuliwa muda huo huo, au aliyegandishwa kwanza kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Mlo huu basi ni mlo wa amana: alaye humwamini mvuvi, na mvuvi huiamini bahari.

Tuyatazame sasa majina, kwani jina ni shahidi asiyehongeka. Neno ika, au i'a, ni samaki. Maneno ota na mata ni sifa ya ubichi. Hilo la pili lina ndugu walioenea mbali: Wamalei husema mentah, na Wamalagasi, majirani zetu wa upande wa kusini, husema manta, na maana ni ile ile. Majina haya ya Tahiti, Tonga na Cook hutaja samaki na ubichi tu. Hayataji ndimu, wala hayataji tui. Mwenye jina alikuwako kabla ya mapambo yake.

Ushahidi wa wasafiri wakubaliana na ushahidi wa lugha. James Cook alitia nanga katika ghuba ya Matavai, Tahiti, mwezi wa Aprili 1769, ili wataalamu waitazame sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 3 Juni. Pamoja naye alikuwamo Joseph Banks, mtaalamu wa mimea. Banks aliandika kwamba Watahiti walikula samaki wabichi, na kwamba maji ya bahari yalikuwa ndiyo mchuzi wao wa kila chakula. Tena walikuwa na mchuzi mwingine wa nazi iliyochachishwa kwa maji ya chumvi. Ndimu haikuwako. Visiwa vya magharibi kama Tonga vilikuwa na balungi, lakini Tahiti haikuwa nalo. Cook mwenyewe alipeleka miche ya balungi kutoka Tonga hadi Tahiti mwaka 1777. Na ni Banks, mwezi wa Julai 1769, aliyepanda huko Matavai mbegu za machungwa, malimau na ndimu alizozichukua Rio de Janeiro.

Mbegu hizo zilikuwa zimekwisha kuzunguka dunia. Jamii ya michungwa na mindimu ilianzia kusini-mashariki mwa Asia, karibu na vilima vya Himalaya. Kutoka huko ilikwenda magharibi, ikapita Bara Hindi, Uajemi na Uarabuni. Hata neno letu ndimu lafanana na limu la Kiajemi. Ilifika Ulaya, na mwaka 1493 Columbus alichukua mbegu za jamii hiyo katika safari yake ya pili ya Amerika. Wareno waliipanda Brazili, na kutoka Brazili ikaja Tahiti.

Mnazi nao ulisafiri, lakini kwa njia nyingine. Mababu wa Wapolinesia waliuchukua katika mitumbwi yao yenye matengo, wakielekea mashariki kisiwa kwa kisiwa. Ndugu zao wa lugha walielekea magharibi wakafika Madagaska, ambako nazi huitwa voanio. Na Wasamoa huiita niu. Uchunguzi wa chembe za urithi za minazi, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba minazi ya Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki ina mchanganyiko wa damu ya Pasifiki. Kwa hiyo ndimu iliyokwenda magharibi na nazi iliyokwenda mashariki zilikutana katika bakuli moja huko Tahiti, baada ya kuizunguka dunia kwa pande mbili. Nyanya ilitoka Amerika, na tango Bara Hindi. Tena iko namna ya pili ya chakula hiki, iliyo na tangawizi, ambayo Watahiti huiita ya Kichina. Wachina waliletwa kisiwani mwaka 1865 kulima pamba katika shamba la Atimaono.

Hapa atatokea mwenye hoja aseme: kama ni hivyo, chakula hiki si cha Watahiti, ni mkusanyiko wa vitu vya watu. Hoja hii sisi wanafunzi wa Kiswahili twaijua vizuri, maana imetupwa mlangoni petu mara nyingi. Imesemwa kwamba lugha yetu si lugha bali mchanganyiko, kwa sababu ina maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza. Jibu ni moja kwa hoja zote mbili. Neno kitabu ni la Kiarabu, na kwa Kiarabu wingi wake ni kutub. Lakini lilipoingia kwetu lilivaa sheria ya nyumba, likawa kitabu kimoja na vitabu viwili. Mgeni alikaribishwa, wala hakupewa funguo. Ndivyo ilivyokuwa ndimu. Ilimkuta samaki mbichi yuko, mchuzi wa chumvi uko, na mchuzi wa nazi uko. Ilipewa nafasi iliyokwisha kuandaliwa. Asili ya kitu haimo katika vipande vyake. Imo katika sheria inayovipanga.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila kilicholetwa na merikebu kilikuwa tunda. Merikebu za Ulaya zilileta maradhi yaliyoangamiza sehemu kubwa ya watu wa visiwa hivyo. Ufaransa iliifanya Tahiti nchi ya himaya mwaka 1842 na koloni mwaka 1880. Na kati ya 1966 na 1996 ililipua mabomu 193 ya nyuklia katika visiwa vya Moruroa na Fangataufa. Ndimu yaweza kuingia katika mpango wa mwenyeji, bomu haliwezi. Watu wanaokula samaki bila ya moto wana haki ya kwanza kuuliza ni nini kilichotiwa katika bahari yao.

Basi tusipime urithi kwa swali la nani alileta kitu gani, kwani kwa kipimo hicho hapana taifa litakalobaki na chakula, wala lugha itakayobaki na maneno. Tuulize kwamba kilipoletwa, nani aliyekuwa na uwezo wa kuchagua? Watahiti waliichagua ndimu, wakaifundisha desturi ya kwao. Mabomu hawakuyachagua. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti ya utamaduni unaokua na utamaduni unaodhulumiwa, na mwanahistoria asiyeiona atahesabu viungo vyote vya sahani na kuukosa mlo.