Ardhi Ilivyouzwa Shuruppak

Kusini mwa Iraki kuna kilima cha magofu kiitwacho Tell Fara. Chini yake umelala mji wa Shuruppak, ambao Wasumeri waliuhesabu miongoni mwa miji iliyokuwapo kabla ya gharika. Wajerumani waliuchimba mwaka 1902 na 1903; Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikafuata mwaka 1931. Kati ya vibao vya udongo vilivyofukuliwa hapo, vyenye umri wa miaka 4,500 hivi, zimo hati za mauziano ya nyumba na mashamba.

Hati hizo ni fupi. Zinaanza na bei, mara nyingi kwa uzani wa shaba, pengine kwa fedha, kisha nyongeza juu ya bei. Halafu huja zawadi, na hapo ndipo pa kusoma polepole: shayiri, sufu, nguo, mikate, samaki. Muuzaji hakupokea peke yake. Jamaa zake nao walipewa mafungu yao, kila mmoja kwa jina, maana shamba lilikuwa na wenyewe wengi, na ambaye hakupewa kitu angeweza kuzua madai kesho. Mwishoni wanaorodheshwa mashahidi.

Wapo wanaoziona hati hizi kama mwanzo wa ardhi kuwa mali ya mtu binafsi. Mimi naona ukoo ukiridhishwa mbele ya macho ya watu, na kibao kikishika kumbukumbu ya siku hiyo. Katika dola ya Lagash, vizazi vichache baadaye, mpiga mbiu alipigilia kigingi ukutani na kumimina mafuta kandokando yake, ili mji mzima ujue kuwa nyumba imepata mwenyewe mpya.

Desturi hiyo iliwabana hata wakubwa. Katika karne ya 23 KK Manishtushu, mfalme wa Akkad, alinunua mashamba makubwa na kuyaandika kwenye nguzo ya jiwe jeusi, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Louvre. Bei aliyotoa ilikuwa ndogo, na wataalamu wanashuku kwamba wauzaji hawakuwa na hiari. Hata hivyo alitoa zawadi, akalisha mamia ya watu, na waliolipwa akawaandika kwa majina pamoja na baba zao. Jeshi alikuwa nalo, lakini bado alihitaji kuonekana amelipa.