Homa Itokayo katika Maziwa

Hapa Kiptere asubuhi ni baridi, na maziwa hunywewa kila nyumba. Yasipochemshwa, huenda yamebeba kijidudu alichokigundua daktari David Bruce kisiwani Malta, mwaka 1887. Homa yake hufanana mno na malaria, hata mgonjwa aweza kumeza dawa isiyomfaa miezi mizima.

Kitatambuliwaje? Mwaka 1962 Mtaliana Ferruccio Ritossa aliandika habari ya nzi wadogo wa matunda. Joto la sanduku la kuwalelea lilikuwa limezidishwa bila yeye kujua. Akaona nyuzi za urithi ndani ya chembe zao zimevimba mahali pasipo desturi. Baadaye ikajulikana kwamba chembe iliyopatwa na joto huunda protini za kujihami. Bakteria naye hufanya vivyo hivyo anaposhambuliwa na askari wa damu yetu, na mwili huzitambua protini hizo. Ndipo wataalamu wakatumaini kupata humo kipimo, na chanjo pia.

Lakini, msomaji, protini hizo zafanana sana kwa bakteria wa kila namna, na hata zetu ni ndugu zao. Kipimo kikizitegemea hizo tu, chaweza kumtaja asiye na ugonjwa huu. Ng'ombe wana chanjo yao, iliyotengenezwa kwa kijidudu kizima kilichodhoofishwa. Sisi wanywaji tungali na sufuria na moto.