Daktari Aliyeomba Huku Akinywa

Ndugu anapotujia akiwa ameshindwa na pombe, wengi wetu tuna neno moja la kumpa: "Omba." Tukishalisema tunaondoka, naye anarudi nyumbani kuomba peke yake. Akionekana tena kilabuni wiki inayofuata, tunanong'onezana kwamba hakuomba kwa imani. Habari za daktari mmoja wa Marekani zimetufanya tuyaogope manong'ono hayo.

Robert Smith alikuwa daktari wa upasuaji mjini Akron, jimbo la Ohio. Yeye na mkewe Anne walihudhuria mikutano ya Oxford Group, kundi la Kikristo lililoanzishwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri. Watu wa kundi hilo walitenga muda wa kukaa kimya mbele za Mungu, wakaungamiana dhambi, wakaenda kutengeneza na wale waliowakosea. Smith alisoma Maandiko. Aliomba. Na bado alilewa, kwa zaidi ya miaka 2, bila kuwaambia wenzake siri yake.

Mwaka 1935 Henrietta Seiberling, mama mmoja wa kundi lile, aliitisha mkutano mdogo kwa ajili yake. Hapo Smith akakiri kwamba anakunywa kwa siri na hawezi kuacha. Wakapiga magoti pamoja naye. Hata baada ya hapo aliendelea kunywa.

Majuma machache baadaye simu ililia nyumbani kwa Henrietta. Mpigaji alikuwa Bill Wilson wa New York, mtu asiyemjua. Wilson alikuwa ameacha pombe tangu Desemba 1934, alipomlilia Mungu akiwa kitandani katika hospitali ya walevi na kuona chumba kimejaa nuru. (Wapo wasemao ilikuwa kazi ya dawa alizopewa. Daktari wake, William Silkworth, alimshauri tu ashikamane na alichokipata, nasi twaona alijibu kwa busara.) Sasa, Mei 1935, biashara iliyomleta Akron ilikuwa imevunjika. Alisimama ukumbini hotelini, upande mmoja kelele za baa, upande mwingine simu. Akajua kwamba ili asianguke anahitaji kuzungumza na mlevi mwenzake. Akampigia mchungaji mmoja, na kwa njia hiyo akampata Henrietta, ambaye aliipokea simu ile kama jibu la maombi yao.

Tarehe 12 Mei Smith alifika akiwa hoi kwa pombe ya jana yake, akisema atakaa dakika 15 tu. Waliongea kwa muda wa saa 6 hivi, mpaka usiku. Wilson hakumhubiri; alimsimulia kuanguka kwake mwenyewe. Mwezi uliofuata Smith alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa tena. Kisha, tarehe 10 Juni 1935, akanywa mara ya mwisho. Hakurudia mpaka alipofariki mwaka 1950, na siku ile huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous.

Je, ile miaka 2 ya kuomba ilikuwa bure? Sisi hatusemi hivyo. Waraka wa Yakobo ulipendwa sana na watu wale wa Akron, na sura yake ya 5 inaweka kuungamiana, kuombeana na kuponywa katika aya moja. Smith alikuwa na maombi siku zote. Alichokikosa ni mtu wa kumwambia, "Hata mimi."

Mwezi huohuo wa Juni wawili hao walikwenda hospitalini kumwona mlevi wa tatu, mwanasheria Bill Dotson. Huyu naye alikuwa mtu wa kanisani. Aliwaambia kwamba yeye bado anamwamini Mungu, ila anaona Mungu hamwamini tena yeye. Hawakubishana naye. Walivuta viti karibu na kitanda, wakaanza kumsimulia habari zao.