Kiasi, Risasi na Baruti: Maneno Tuliyoyaacha Njiani

Mfasiri anayepewa maandishi juu ya bunduki za kizamani huona upesi kwamba amebakiwa na maneno matatu tu: bunduki, risasi na baruti. Kwa habari za gazeti hayo yatosha. Lakini akiletewa orodha ya vitu vya makumbusho, hati ya leseni, au maelezo ya namna ya kujaza maganda ya bunduki ya mwaka 1870, maneno hayo hulemewa. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno hayo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kwamba kuyaacha kumetuletea hasara, na pengine hatari.

Wazee wa pwani walizipa bunduki majina kwa kufuata jinsi moto unavyoifikia baruti. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe. Ya fataki iliwashwa kwa kikopo kidogo cha shaba kilichovishwa juu ya kifa na kupigwa na mtambo. Zote hizi zilijazwa kwa mdomo. Mpigaji alimimina baruti mtutuni, akatia risasi na kitambaa, akashindilia kwa mdeki. Baruti hiyo haikumiminwa ovyo: ilikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho ndicho kiasi, neno lililotokana na Kiarabu. Baadaye viwanda vya Ulaya vilianza kuzifunga baruti, risasi na fataki pamoja ndani ya ganda moja. Waswahili hawakungoja kamati ya istilahi. Waliona kwamba kilichomo ndani ya ganda ni kipimo kile kile cha mpigo mmoja, wakakiita kiasi, na bunduki inayotumia vitu hivyo wakaiita bunduki ya viasi. Kwa maoni yetu, ni nadra kuona neno jipya lililoundwa vizuri kuliko hilo.

Mabadiliko hayo yalipita katika Mkoa wa Singida wa leo. Mnamo Januari 1875 msafara wa Stanley, uliotoka Bagamoyo mwezi Novemba mwaka uliotangulia, ulipigana na Wanyaturu mahali alipopaita Vinyata, katika nchi ya Ituru, na watu wengi wakapoteza maisha. Wenyeji walikuwa na pinde na mikuki; miongoni mwa watu wa msafara wamo waliochukua bunduki za Snider. Snider yafaa itazamwe kwa makini na mwanaistilahi. Haikuwa bunduki mpya. Jeshi la Uingereza, kuanzia mwaka 1866, lilichukua bunduki zake za Enfield za kushindilia, likakata sehemu ya nyuma ya mtutu, likatia kifuniko chenye bawaba. Mtutu ni ule ule, wenye upana wa milimita 14.7, lakini jina lake kwa Kiswahili likahama: jana bunduki ya fataki, leo bunduki ya viasi. Kiasi chake kimoja kilikuwa na baruti nyeusi ya gramu 4.5 hivi na risasi ya gramu 31.

Wajerumani, waliojenga boma Kilimatinde na Mkalama, waliwapa askari wao Mauser ya mwaka 1871, nayo ikitumia baruti nyeusi. Ingawa Ufaransa ilikwisha kupata baruti isiyo na moshi tangu 1884, askari wengi wa Kijerumani hapa kwetu waliingia vitani mwaka 1914 wakiwa bado na bunduki hizo kuukuu, na wingu la moshi likimwonyesha adui walipo.

Tangu hapo neno kiasi lilififia, na risasi ikameza kila kitu. Asili ya risasi ni madini, na ndiyo maana wengine husema kalamu ya risasi. Kisha likawa jina la kitu kinachoruka kutoka mtutuni, kisha la ganda zima pamoja na vilivyomo, kisha la pigo lenyewe: “alipigwa risasi mbili.” Hata sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 hutajwa kwa neno hilo hilo. Karani akiandika “risasi hamsini zimekamatwa”, hakimu atajuaje kama ni vipande hamsini vya madini au viasi hamsini vilivyo tayari kupigwa?

Baruti nayo imepanuka. Iramba, kwenye mgodi wa dhahabu wa Sekenke ulioanza kazi mwaka 1909, na ambao dhahabu yake ilitumika kupiga sarafu za Tabora mwaka 1916, baruti ni kitu cha kupasulia mwamba. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 imelifuata neno katika maana hiyo pana ya vilipuzi. Kwa mwenye gobori, hata hivyo, baruti ni ule unga mweusi wa makaa, shura na salfa (ambayo zamani ikiitwa kibiriti, kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za jikoni).

Hapa ndipo hatari ilipo. Baruti isiyo na moshi ikitiwa katika bunduki iliyoundwa kwa baruti nyeusi, mtutu waweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Tena ipo baruti mbadala, kama ile iitwayo Pyrodex iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1970. Hii ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, nayo hupimwa kwa ujazo: kikombe kwa kikombe. Mfasiri akiandika “uzito ule ule”, amemwambia msomaji atie baruti nyingi kupita inayofaa. Wahenga waliosema kiasi walikuwa wakifikiria kikombe, na hawakukosea.

Twapendekeza basi risasi libaki kwa kile kinachoruka. Ganda kwa chombo cha shaba. Kiasi, wingi viasi, kwa vyote vilipofungwa pamoja. Na mshindilio kwa ile baruti iliyopimwa, ili mtu aweze kusema “anatafuta mshindilio ufaao” pasipo kuzunguka. Twajua kiasi lina maana pana siku hizi, lakini umbo la wingi litasaidia, kwani “viasi vitano” haliwezi kusomwa vinginevyo. Fataki lirudi kazini, ijapokuwa tangu matangazo ya redio ya mwaka 2008 vijana wengi hulijua kama jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana. Na baruti lisiandikwe pekee katika hati yoyote: iwe baruti nyeusi, baruti isiyo na moshi, baruti mbadala, au baruti ya miamba.

Walimu walioko Manyoni, Ikungi na Iramba twawaomba watuletee maneno ya wazee ya pembe ya baruti, kifa na mdeki, kwa Kinyaturu na Kinyiramba, pamoja na maelezo ya matumizi yake.