Bu Zhong Yi Qi Tang: Dawa ya Uchovu na Chanzo Chake Kihistoria

Katika mwaka 1232 majeshi ya Wamongolia yaliuzingira mji wa Kaifeng, makao makuu ya ufalme wa Jin, kaskazini mwa China. Majeshi yalipoondoka, maradhi yalibaki. Historia rasmi ya ufalme huo yataja maiti zaidi ya 900,000 zilizotolewa malangoni katika siku 50. Hata ikiwa hesabu hiyo imezidishwa, msiba ulikuwa mkubwa mno.

Mganga Li Gao (1180–1251) alikuwa miongoni mwa walioushuhudia. Aliona wenye homa wakipewa dawa za kutoa jasho na za kuharisha, kwani waganga, wakifuata mafundisho ya kale ya Zhang Zhongjing, walidhani kwamba baridi imeuvamia mwili kutoka nje. Wagonjwa wakafa. Li Gao alipinga uaguzi huo. Kwa miezi miwili au mitatu, alieleza, watu walishinda na njaa na kazi ngumu. Kisha, njia zilipofunguliwa, wakala kupita kiasi. Ugonjwa ulitoka ndani, katika wengu na tumbo vilivyodhoofika. Kumtoa jasho mtu wa hali hiyo ni kumnyang'anya nguvu chache zilizosalia.

Kutokana na hoja hiyo aliunda dawa ya mimea minane. Mzizi wa huangqi ndio unaotangulia; unafuatwa na ginseng, baizhu, danggui, mzizi mtamu wa gancao na maganda makavu ya chenza. Shengma na chaihu hutiwa kidogo tu, ili kuinua kilichoshuka. Vitabu vyake vilivyoeleza nadharia hiyo vilikamilika mwaka 1247 na 1249.

Jina lenyewe lastahili kuchunguzwa. Bu ni kujaza kilichopungua; zhong, katikati, yaani wengu na tumbo; yi, kuongeza; tang, maji ya dawa iliyochemshwa. Neno qi ndilo lenye taabu: tukisema «pumzi», tunasahau chakula kinachoizalisha, tukisema «nguvu», tunapoteza pumzi.

Wanahistoria kadhaa wa siku hizi wanahisi kwamba maradhi ya Kaifeng yalikuwa tauni. Ikiwa ndivyo, dawa hiyo isingeweza kuyaponya. Hata hivyo ingali inatumika China na Japani kwa uchovu na kukosa hamu ya chakula, na swali la Li Gao halikupitwa na wakati: kabla ya kumtibu mgonjwa, yafaa kujua amekula nini na amefanya kazi gani.