Tmcel na mkongo wa taifa: kwa nini mtandao hukatika kaskazini mwa Cabo Delgado

Tmcel ni kampuni ya mawasiliano ya serikali ya Msumbiji. Ilitokana na kuunganishwa kwa kampuni mbili za umma: TDM, iliyokuwa na simu za mezani na mkongo wa taifa, na mCel, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, iliyoanza mwaka 1997. Jina la Tmcel lilianza kutumika 2019. Kampuni nyingine mbili ni Vodacom na Movitel. Movitel ilianza huduma mwaka 2012 na imetandaza faiba yake hadi wilayani.

Makala haya ni kwa familia zilizohama kutoka Palma, Mocímboa da Praia, Macomia na Quissanga, na kwa jamii zilizozipokea.

Mkongo hufanyaje kazi?

Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Mwanga huo ndio unaobeba sauti, picha na ujumbe. Intaneti ya Msumbiji hupitia mikonga ya baharini, ikiwemo miwili inayofika Maputo: SEACOM, iliyoanza kazi 2009, na EASSy, iliyoanza 2010. Kutoka Maputo, mkongo wa nchi kavu husafiri hadi mikoa ya kaskazini, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Mwishoni, minara husambaza mawimbi hadi kwenye simu yako.

Kwa nini hukatika?

Mnara unahitaji vitu viwili: njia ya kuunganishwa na mkongo, na umeme. Kikikosekana kimoja, simu hunyamaza. Pale ambapo njia ni moja tu, mkato mmoja huzima vijiji vyote vilivyo mbele yake.

- Vita. Mwaka 2020 kituo cha umeme cha Awasse kiliharibiwa, na wilaya za kaskazini zikakaa gizani kwa muda mrefu. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika, na ndugu walikaa siku kadhaa bila kujua nani yuko hai.
- Vimbunga. Kenneth (25 Aprili 2019) na Chido (15 Desemba 2024) viliangusha nguzo na kuzima minara.
- Baharini. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa, Msumbiji na Tanzania zikiwemo.
- Kuchimba. Wapo wanaoufukua waya wakidhani una shaba. Ndani ya faiba hamna shaba, na hakuna anayeinunua. Anayeikata anaizimia zahanati, shule na jirani zake.

Matengenezo huchelewa kwa sababu mafundi hawawezi kwenda kwenye barabara isiyo salama.

Ufanye nini kabla haujakatika?

1. Andika kwenye karatasi namba za ndugu zako. Simu ikizima au ikiibwa, karatasi itabaki.
2. Kubalianeni mapema mahali pa kukutana, na ndugu mmoja wa mbali, kwa mfano Nampula au Mtwara, ambaye kila mtu atampa habari.
3. Ukiweza, kuwa na laini za kampuni mbili. Husaidia, ila si kila mara: kampuni mbili zinaweza kutegemea mnara mmoja.
4. Mtandao ukiwa dhaifu, tuma ujumbe mfupi wa maandishi. Mara nyingi hupita pale ambapo sauti imeshindwa.
5. Usiweke fedha zote kwenye M-Pesa, e-Mola au mKesh. Mtandao usipokuwepo, huwezi kuzitoa. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka shirika la misaada.
6. Weka redio ya betri, hasa msimu wa vimbunga, Novemba hadi Aprili. Tangazo la redio halihitaji simu wala bando.

Ukipoteza ndugu

Wasiliana na Msalaba Mwekundu wa Msumbiji, ambao husaidia kutafuta waliopotezana na familia zao. Kwa maswali au malalamiko kuhusu misaada, piga Linha Verde 1458. Ni bure. Kama eneo lako halina mtandao, mwambie kiongozi wa kambi au wa mtaa apeleke habari zako kwa wafanyakazi wa misaada wanapofika.